Dawa Iko Udongoni, Wanaoitafuta Wako Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyeijaalia ardhi itubebe tukiwa hai na ituhifadhi tukiwa maiti. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mmezoea kurasa hizi zizungumzie hijabu, urafiki, mikopo yenye riba au maandalizi ya Ramadhani. Leo naomba tuzungumze juu ya udongo, juu ya minazi inayokufa, na juu ya dawa ambayo Allah (s.w.) ameiweka ndani ya udongo huohuo tunaoukanyaga. Mwishoni nitauliza swali linalotuhusu hasa sisi tunaosoma masomo ya dini, na naomba mlipokee kwa moyo mkunjufu.

MINAZI ISIYO NA VICHWA

Kwetu ni Mocímboa da Praia, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji. Kwetu mnazi si pambo la ufukweni. Ni tui la mchuzi, ni mafuta ya kichwa, ni makuti ya paa, ni kamba ya kufungia mashua, ni ufagio wa uani. Nazi zinazozidi hushushwa bandarini na kupakiwa vyomboni, na fedha yake hununua daftari za watoto. Mtu akifariki, minazi yake huhesabiwa katika mirathi.

Minazi hiyo imekuwa ikifa. Dalili zake kila mkulima wa pwani anazijua hata kama hajui jina la ugonjwa. Kwanza nazi changa hudondoka bila sababu. Kisha karara hufunguka na maua yake yakiwa meusi. Makuti ya chini hugeuka manjano, na umanjano hupanda mpaka juu. Miezi michache baadaye kichwa chote huanguka, kikabaki kigogo kimesimama peke yake kama mlingoti wa jahazi lililokosa tanga. Wataalamu wa Msumbiji huuita kwa Kireno amarelecimento letal, yaani umanjano unaoua. Nchini mwetu ulitambuliwa katika miaka ya 1990, hapa Cabo Delgado na kule Zambézia, ambako umeangusha mashamba makubwa ya minazi. Ndugu zetu wa pwani ya Tanzania wameujua kwa miaka mingi zaidi.

Juu ya msiba huo ukaja msiba mwingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wetu ulishambuliwa na watu waliodai kuipigania dini. Agosti 2020 mji na bandari yake vilitekwa, na vikakaa mikononi mwao mwaka mzima, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoviokoa Agosti 2021. Watu walikimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa malori. Waliporudi walikuta mashamba yamekuwa pori, na minazi iliyokuwa na ugonjwa ilikuwa imesimama miaka yote hiyo bila mtu wa kuikata.

Nilipokuwa nyumbani likizo niliwasikiliza watu barazani baada ya swala ya Alasiri. Mzee mmoja alisema, "Hii ni kazi ya Mungu, mjukuu wangu, hatuna la kufanya." Mwingine akasema minazi imepigwa jicho. Wa tatu akasema ni adhabu kwa dhambi za mji. Na jirani yetu mmoja, ambaye hakuwa na minazi bali shamba la muhogo, aliamua kutenda. Alikuwa akichimba muhogo na kuukuta ndani una madoa ya kahawia, mkavu kama kuni mbovu. Akaenda sokoni akanunua vidonge vya antibayotiki, vile vya rangi mbili, akavifungua kimoja kimoja, akamwaga unga wake ndani ya ndoo ya maji na kumwagilia mashina. Fedha ile ilikuwa ya chakula cha wiki nzima. Muhogo haukupona.

Wazee watatu wale na jirani yule wote ni Waislamu wema. Nataka tuitafute njia ambayo wote wanne wameikosa.

DAWA ILIYOFICHUA UGONJWA

Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, udongo hutoa harufu ambayo sote tunaipenda. Sehemu kubwa ya harufu ile hutokana na bakteria wadogo sana wa udongoni, wa jamii iitwayo Streptomyces. Kiganja kimoja cha udongo hai hubeba viumbe wasiohesabika wa namna hii, wanaogombea chakula na nafasi. Wengi wao hutengeneza kemikali ambazo huwazuia majirani zao wasikue. Kemikali hizo ndizo asili ya dawa nyingi tunazoziita antibayotiki.

Mwaka 1943, mwanafunzi wa miaka 23 aliyeitwa Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alipata streptomycin kutoka kwa bakteria hao. Ilikuwa dawa ya kwanza ya antibayotiki iliyofaa kutibu kifua kikuu. Baadaye wakulima wa matufaha na mapea waliitumia dhidi ya bakteria wanaounguza maua ya miti yao. Huko Japani, dawa mbili kutoka kwa bakteria wa udongoni, blasticidin na kasugamycin, zilitumika mashambani dhidi ya ugonjwa wa blasti ya mpunga, na zikasaidia kuondoa sumu za zebaki zilizokuwa zikipuliziwa mpunga kabla yake.

Mwaka 1950 ikatangazwa dawa nyingine kutoka kwa Streptomyces, oxytetracycline. Kampuni iliyoigundua ilikuwa imekusanya sampuli za udongo kutoka pande nyingi za dunia, na ikaiita Terramycin kwa neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Wengi wenu mnaijua: mama zetu wametupaka machoni dawa ya jamii hiyo tulipokuwa wachanga, na wafugaji huwachoma sindano yake ng'ombe na mbuzi.

Hapa ndipo habari inaporudi kwenye minazi yetu. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani magonjwa ya umanjano katika mimea mingi yanaletwa na virusi. Mwaka 1967 watafiti wa Japani waliokuwa wakichunguza miforosadi yenye ugonjwa walijaribu kuipa tetracycline, na dalili zikapungua. Virusi havisikii dawa hiyo. Kwa hiyo aliyekuwa ndani ya mti hakuwa kirusi. Darubini nayo ilikuwa imeonyesha viumbe vidogo wa jamii ya bakteria, wasio na ukuta wa seli, wanaoishi ndani ya mishipa inayopitisha sukari ya mmea. Leo wanaitwa fitoplazma. Ndio hao wanaoua minazi ya Cabo Delgado, na huhamishwa kutoka mti hadi mti na wadudu wanaofyonza utomvu. Kwa kuwa hawana ukuta, penisilini haiwagusi, maana kazi yake ni kuvunja ukuta. Tetracycline huwazuia kutengeneza protini, na hivyo huwadhoofisha.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Mtu mmoja akichimba udongo alipata dawa. Mtu mwingine, mbali naye, akaitumia dawa ile na ikamsaidia kuutambua ugonjwa uliokuwa umejificha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba, na katika mapokezi ya Ibn Mas'ud (r.a.) imeongezwa kwamba anaijua anayeijua na haijui asiyeijua. Sisi hupenda sana nusu ya kwanza ya mafundisho haya na kuyaandika ukutani katika maduka ya dawa. Nusu ya pili tunaipita haraka. Lakini nusu hiyo ndiyo inayogawa kazi: tiba ipo, na kati yako na tiba iko elimu.

MIZANI

Sasa, je, tununue oxytetracycline tukaitibu minazi yote ya pwani? Hapana, na hapa panahitaji uaminifu.

Huko Florida, Marekani, dawa hii hudungwa ndani ya shina la mnazi. Haiui ugonjwa ukaisha. Huuzuia, na sindano inatakiwa kurudiwa kila baada ya miezi minne. Ukiacha, umanjano unarudi. Mnazi ambao zaidi ya robo ya makuti yake yamekwisha kubadilika hauna faida kudungwa, unakatwa. Njia hii inafaa kwa minazi michache ya mapambo barabarani na hotelini. Mkulima wa Mocímboa mwenye minazi sitini na mtoto mgonjwa nyumbani hawezi kuimudu, wala si busara kuijaza dawa minazi ambayo nazi zake tunakula.

Kuna jambo jingine. Antibayotiki ikitumika ovyo, bakteria huizoea. Streptomycin ilipopuliziwa kwa wingi katika bustani za mapea na matufaha huko Marekani, kufikia miaka ya 1970 bakteria wa bustani nyingi walikuwa hawaisikii tena. Kasugamycin ilipata msiba huohuo katika mashamba ya mpunga ya Japani. Na dawa hizi ni ndugu wa zile anazopewa mama yako hospitalini. Usugu unaozaliwa shambani una njia ya kufika wodini.

Na jirani yetu je? Ule muhogo wenye madoa ya kahawia una ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka Amani, Tanganyika, na ambao umeenea sana kaskazini mwa Msumbiji. Huo unaletwa na virusi. Ungemwaga ghala zima la antibayotiki usingepata hata shina moja lililopona. Kinachosaidia ni kupanda mbegu safi na aina zinazostahimili, kama ile inayoitwa Nikwaha ambayo wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji wanaijua. Magonjwa mawili katika vijiji vilevile: mmoja una dawa kutoka udongoni, mwingine hauna. Anayetofautisha ni mwenye elimu.

Katika Surat Ar-Rahman, aya ya 7 hadi ya 9, Allah (s.w.) anatukumbusha kwamba ameinua mbingu na ameweka mizani, na anatukataza kuidhulumu mizani hiyo. Mashekhe wetu huifafanua kwa muuza mchele anayepunja kilo, na wamesema kweli. Lakini anayemimina dawa isiyostahiki mahali pasipostahiki naye amepunja. Amekula haki ya mgonjwa ajaye.

MITENDE YA MADINA NA MABONDE MAWILI

Kwa wazee wangu wa barazani nina visa viwili, na wote watatu wavipokee kwa heshima ya mjukuu kwa babu zake.

Cha kwanza kimepokewa katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakichukua chavua ya mtende dume na kuiweka katika mtende jike. Akadhani huenda hakuna haja. Wao, kwa mapenzi na utii wao, wakaacha. Mavuno yakapungua. Walipomweleza, hakuwalaumu wala hakusema mitende imepigwa jicho. Aliwafahamisha kwamba katika mambo ya dunia yao kama haya, wao ndio wajuzi zaidi, na kwamba anapowaletea jambo la dini kutoka kwa Allah, hilo walishike. Mbora wa viumbe aliwaachia wakulima elimu ya mitende. Ni nani kati yetu anayeweza kuwa na kibri cha kusema kwamba elimu ya minazi haina nafasi mbele ya mtu wa dini?

Cha pili ni cha Sayyidna Umar (r.a.), na kimo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa akielekea Sham, na alipofika Sargh akaambiwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka mahali penye pande mbili, upande mmoja una malisho na mwingine mkavu. Akichunga kwenye malisho amechunga kwa kadari ya Allah, na akichunga pakavu amechunga kwa kadari ya Allah. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwapata mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia. Mtume (s.a.w.) pia alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na ngamia wazima wa mwenzake.

Basi tunaposema ugonjwa wa minazi ni kazi ya Mungu, tumesema kweli. Kila kitu ni kazi yake. Lakini panga la kukatia mnazi mgonjwa nalo ni kadari ya Allah, na mbegu safi ni kadari ya Allah. Kuacha miche isihamishwe kutoka kijiji chenye ugonjwa kwenda kijiji kizima ni kulifuata fundisho lile la ngamia. Kutawakali si kukunja mikono. Na kuwaambia watu walioporwa kila kitu kwamba minazi yao inakufa kwa sababu ya dhambi zao ni jambo zito, maana hakuna kati yetu aliyepewa ufunguo wa ghaibu.

WALIOHARIBU MIMEA NA VIZAZI

Kuna neno nalazimika kulisema kwa kuwa natoka pale nilipotoka. Waliouteka mji wetu walikuwa, kabla ya kushika silaha, wakiwaambia wazazi wasiwapeleke watoto katika shule za serikali. Walisema elimu ile inapingana na dini. Vijana wa rika langu waliwasikia. Wengine waliacha shule, na wengine kati ya hao hawarudi tena.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 205, Allah (s.w.) anamtaja mtu ambaye akipata nguvu huenda mbio katika ardhi akafanya uharibifu, akaangamiza mimea na vizazi, na Allah hapendi uharibifu. Sioni aya inayoeleza vizuri zaidi yaliyotupata. Vizazi viliangamizwa kwa panga na risasi. Mimea iliangamizwa kwa kuwafukuza wenye mashamba, na pia kwa kumnyang'anya mtoto elimu ambayo ingemfanya siku moja ajue fitoplazma ni nini. Aliyeichoma shule ya mtoto ameuchoma na mnazi wa bibi yake, hata kama moto wake utachelewa miaka ishirini kuonekana.

Kuwajibu watu hao kwa kusema tu kwamba Uislamu ni dini ya amani hakutoshi. Jibu linaloshinda ni Mwislamu anayeswali swala tano na anayejua kumwambia jirani yake: mzee, muhogo huu una virusi, usipoteze fedha yako kwa vidonge, nitakutafutia vipando safi.

FARDHI TULIYOIACHA

Sasa nakuja kwenye swali nililoliahidi, na nalielekeza kwa wenzangu wa masomo ya Kiislamu kwanza.

Imam Al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, mlango wa elimu, ameieleza fardhi kifaya kuwa ni kila elimu ambayo umma hauwezi kusimama bila hiyo. Akataja utabibu na hesabu, akataja na misingi ya kazi kama kilimo na ufumaji. Kisha akalalamika kuhusu watu wa zama zake: mji mzima unaweza usiwe na tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali watu wanasukumana katika masomo ya mabishano ya fiqhi ambayo tayari yana wajuzi wa kutosha. Akahoji vipi wanaojishughulisha na fardhi iliyokwisha kutoshelezwa wakaiacha ambayo haina mtu. Al-Ghazali alifariki mwaka 1111, na malalamiko yake yangeweza kubandikwa leo kwenye ubao wetu wa matangazo.

Najiuliza: katika jumuiya yetu wako wangapi wanaosoma magonjwa ya mimea? Wangapi wanasoma elimu ya udongo? Na wale wachache waliopo, lini tumewapa nafasi ya kuzungumza baada ya swala ya Ijumaa, au tumewaacha wakidhani kwamba wao ni Waislamu wa daraja la pili kwa kuwa hawakusoma nahau? Wazee wetu wa Andalusia hawakuona mgawanyiko huo. Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo, na akaanza na udongo: namna ya kuutambua ulio mzuri, ulio dhaifu na unaorekebishika.

Sisi wa masomo ya dini hatuambiwi tuache fani yetu. Umma unahitaji wanaojua hukumu za mirathi ili minazi ya marehemu igawiwe kwa haki. Lakini mimbari ni yetu, na mkulima wa pwani humsikiliza khatibu kabla hajamsikiliza bwana shamba. Ikiwa khatibu atasema umanjano ni jicho, hakuna atakayekata mnazi. Khatibu akisema kumkinga jirani na ugonjwa ni sunna, panga litachukuliwa siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo amana iliyo shingoni mwetu, na tutaulizwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujifunze kwa wenzetu wa kilimo na biolojia. Napendekeza jumuiya itenge darsa moja kila muhula ambapo mwanafunzi wa sayansi atafundisha na wanafunzi wa dini watauliza maswali.

Pili, tukirudi makwetu likizo, tusaidie kueneza yale yanayowezekana bila fedha nyingi: mnazi wenye karara nyeusi na makuti ya manjano ukatwe mapema na kichwa chake kichomwe. Vigogo visiachwe vikaoza shambani, kwa kuwa mbawakawa wenye pembe huzaliana humo na kushambulia minazi iliyobaki. Miche ichukuliwe kutoka kwa minazi iliyosimama na afya mahali ambapo mingine imekufa. Wala tusikimbilie kila aina inayosifiwa kutoka ng'ambo. Tanzania ilijaribu aina za kigeni zilizosifika kustahimili kwingine, na nyingi zilikufa.

Tatu, tuulinde udongo wenyewe. Si kila faida ya bakteria wa udongoni hupitia kiwandani. Wakiwa hai karibu na mizizi, wengi wao hutoa kemikali zao palepale na kuzuia kuvu waharibifu. Shamba linalochomwa kila mwaka huwanyima chakula chao, lakini linalopewa mboji, samadi na majani huwalisha. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 58, Allah (s.w.) anataja nchi njema ambayo mimea yake hutoka kwa idhini ya Mola wake, na ile mbovu isiyotoa ila kwa taabu. Aya hiyo ni mfano wa nyoyo, kama walivyosema wafasiri, na mfano hauwezi kueleweka na watu waliosahau udongo mwema unafananaje.

Nne, tuache tabia ya kununua antibayotiki barabarani kwa ajili ya mafua, muhogo au kuku. Kila kidonge kinachotumika pasipo mahali pake kinapunguza nguvu ya dawa ambayo mtu mwingine ataihitaji.

Tano, tuwe waangalifu na wale wanaotaka kila ugunduzi wa maabara uwe muujiza uliotajwa tangu zamani. Qur'ani haihitaji kupigiwa debe na Streptomyces. Inatutaka tutazame, tufikiri na tufanye kazi. Waliotazama udongo wakapata dawa walikuwa watu wa dini nyingine au wasio na dini, na Allah hakuwanyima malipo ya jitihada yao hapa duniani. Tukiwaachia wao kazi ya kutazama, kisha sisi tukabaki na kazi ya kusema tulijua, tutakuwa tumejinyima wenyewe.

Ndugu zangu, katika Surat Al-Waqi'a, aya ya 63 na 64, Mola wetu anatuuliza juu ya tunachokipanda, kama ni sisi tunaokiotesha au ni Yeye. Jibu la Mwislamu linajulikana. Lakini swali hilo ameulizwa mtu aliyepanda. Aliyekaa kitako hana cha kuulizwa hapo. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Mocímboa da Praia tumeona kitu kinachofanana na kiyama, na tumebaki hai. Miche ipo. Inatakiwa mikono inayojua mche upi ni mzima.

Ee Allah, turehemu marehemu wetu, warudishe waliopotea, wape subira waliofiwa. Ibariki ardhi yetu, minazi yetu na mihogo yetu. Tufundishe yatakayotunufaisha, utunufaishe kwa uliyotufundisha, na utuzidishie elimu. Utulinde tusiwe miongoni mwa wanaoangamiza mimea na vizazi, wala miongoni mwa wanaotazama bila kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.